Sarafu ya Mwaka 1299

Miaka ile ya vita kila nyumba ya mtaa wetu wa Buyenzi ilikuwa na kitu inachokiweka akiba. Jirani wa kulia aliweka mchele, jirani wa kushoto aliweka mafuta ya taa, na mwenye uwezo aliweka pasipoti chini ya godoro. Mume wangu aliweka sarafu za zamani. Sifa kubwa ya sarafu hizo ni kwamba hakuna duka duniani ambalo lingezipokea. Nilipomuuliza tutakula nini siku mji ukifungwa, alinionyesha senti ya Kongo ya Mbelgiji, ile yenye tundu katikati, akaniambia niitazame nyota yake ilivyochongwa. Niliitazama. Kisha nikarudi jikoni kupika maharagwe.

Alikuwa fundi wa magari, na sarafu zake zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, mahali ambapo mwanamke mwingine angeweka Msahafu. Sisi Msahafu tuliuweka juu zaidi, lakini si sana.

Hakuwa peke yake katika ugonjwa huo. Ulikuwa umewapata wanaume watatu, na kila Jumapili mchana walikutana barazani kwetu. Wa kwanza ni huyo wangu. Wa pili alikuwa karani wa ofisi, mkazi wa Musaga, mtu wa tai hata siku ya mapumziko, ambaye akikasirika alihamia Kifaransa na akitulia alirudi kwenye Kiswahili bila kuaga. Wa tatu alikuwa masoni, mwashi wa nyumba kutoka Kinama, mtu mrefu wa maneno machache, mwenye viganja ambavyo kikombe changu cha chai kilipotelea ndani yake. Sarafu zake zote alizitoa ardhini, akichimba misingi ya nyumba za watu.

Kabla ya vita walikuwa wakizunguka: Jumapili hii kwa mmoja, Jumapili ijayo kwa mwingine. Vita vilipokuja mitaa ikagawanyika kwa makabila, na karani hakuweza tena kukanyaga Kinama, wala masoni kukanyaga Musaga. Aliyekutwa mahali si pake hakuulizwa kama amekuja kutazama sarafu. Buyenzi ilibaki Buyenzi. Tulikuwa tumebanana watu wa kila aina, msikiti hapa, gereji pale, na aliyetaka kujua wewe ni nani aliambiwa kwamba wewe ni Mswahili, basi, apite. Kwa hiyo baraza letu likawa makao makuu, na mimi nikawa mpika chai wa makao makuu, cheo ambacho sikukiomba.

Walikuwa na swali moja tu, nalo liliwatosha: nani ana sarafu kongwe kuliko wenzake?

Kwa muda mrefu alikuwa mume wangu. Alikuwa na rupia ya Mjerumani ya mwaka 1890, yenye kichwa cha mfalme aliyevaa kofia yenye ndege juu. Alitembea na ushindi huo mpaka nikachoka. Halafu siku moja karani akaja na riale ya fedha, kubwa, nzito, yenye mama mmoja mnene mwenye mtandio kichwani na uso wa mtu aliyekula akashiba, na mwaka wake umeandikwa bila kificho: 1780. Aliirithi kwa baba yake. Juma lile mume wangu hakula vizuri.

Karani naye hakufaidi kwa muda. Masoni alifika Jumapili moja na kipande cha shaba kilichofungwa kitambaani, alichokitoa kwenye msingi wa nyumba karibu na ziwa. Upande mmoja maandishi ya Kiarabu, yameliwa na udongo hata hayasomeki. Upande wa pili picha ya mizani, na chini ya mizani tarakimu nne za Kiarabu, wazi kabisa.

Mume wangu alisoma chuo cha Kurani utotoni. Fimbo za mwalimu zilimkaa zaidi kuliko masomo, lakini tarakimu alizijua. Alivaa miwani, akaisogeza sarafu kwenye mwanga, akasafisha koo.

"Elfu moja, mia mbili, tisini na tisa," akasema.

Karani alikiweka kikombe chini.

"Apana," akasema. "Apana, apana. Mwaka elfu moja mia mbili hapa kulikuwa na nani? Nani alikuwa anafanya sarafu? Viboko?"

"Imeandikwa," alisema mume wangu, kwa unyenyekevu wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza chuo kimemfaa. "Karibu miaka mia saba."

"Mi niliitoa chini, mita mbili," alisema masoni. "Hauwezi kuchimba mita mbili ukute kitu cha juzi."

Hivyo ndivyo vita vyao vilivyoanza, ndani ya vile vingine. Kila Jumapili karani alikuja na hoja mpya. Shaba ya miaka mia saba ingekuwa imeoza. Mizani ile ni ya kisasa mno. Wafanyabiashara wa wakati huo wangefikaje ziwa Tanganyika, kwa avion, yaani ndege? Masoni alikuwa na jibu moja kwa hoja zote: "Fundi amesoma." Naye fundi, ambaye hakuna aliyewahi kumwita msomi, alivimba kichwa hata nikadhani kofia yake ya swala imerudi ndogo.

Mimi ningewaacha wabishane mpaka kiama kama wangekuwa wanakaa nyumba moja. Lakini njia ziliharibika. Kulikuwa na siku mji wote unafungwa, matairi yanachomwa njia panda, vijana wamesimama na vitu mikononi wakiuliza watu maswali ambayo hayana jibu zuri. Masoni aliteremka bondeni mwa mto Ntahangwa akapitia huko, sarafu yake chini ya ulimi ili wakimpekua wasiione. Alifika kwetu kimya, anatikisa kichwa tu kwa salamu, anakwenda pembeni kuitema na kuisuuza, kisha ndipo anasema, "Hodi, shemeji." Karani alikuja kwa basi mpaka sokoni, halafu kwa miguu, riale imelala kwenye mfuko wa shati, kwa sababu kinywani haikuingia.

Jumapili moja karani alichelewa sana. Alipofika hakuwa na tai. Miaka yote ile sikuwahi kuiona shingo yake. Alisema vijana wa bariyeri, wale waliofunga njia, walimuuliza anakwenda kufanya nini huku, akawaambia ukweli, kwamba anakwenda kuzungumza juu ya sarafu. Walicheka. Wakaendelea kucheka kwa muda, mmoja akaichukua tai akaivaa, kisha wakamwachia. Alieleza yote hayo kwa utulivu, lakini kila mara alipandisha mkono kukaza tai ambayo haikuwepo.

Nasema wazi: niliogopa. Vita kwa jumla sikuviogopa sana, vita kwa jumla vilikuwa kitu cha redioni. Niliogopa Jumapili. Tangu Ijumaa nilianza kuhesabu njia za watu wawili ambao si ndugu zangu, na nikawachukia kidogo kwa kunipa kazi hiyo.

"Mutakufa kwa ajili ya shaba," niliwaambia.

"Shemeji," alisema karani, "ya kwangu ni fedha."

Dawa niliipata ukutani. Ilikuwa inakaribia Ramadhani, nami nilikuwa natazama kalenda ambayo duka moja la Waarabu huwagawia wateja wake, nijue zimebaki siku ngapi. Kalenda hizo zina miaka miwili: mwaka wa redio kwa maandishi makubwa mekundu, na pembeni, kwa wino mdogo wa kijani, mwaka wa Hijra. Ulikuwa 1415.

Nilisimama pale na mwiko mkononi mpaka mchuzi ukashika chini ya sufuria.

Sisi Waislamu wa mjini mwezi tunaugombania hasa. Umeonekana, haujaonekana, umeonekana Uvira lakini aliyeuona ana macho mabovu. Watu wamenyimana salamu kwa ajili ya mwezi. Mwaka hakuna anayeuuliza. Mume wangu alifunga tangu akiwa mtoto, alichinja kila Idi, alijua Rajabu na Shaabani na Mfunguo Mosi, na hakuwahi hata siku moja kujua kwamba hiyo miezi yote iko ndani ya mwaka fulani wenye namba yake. Aliposoma ile sarafu alifanya walivyofanya wote: alisoma namba kwa Kiarabu akaihesabu kwa Kizungu.

Jumapili nilisubiri wote wamekaa. Nikaitoa kalenda kwenye msumari wake, nikaiweka mezani kando ya birika.

"Huu ni mwaka gani?" nilimuuliza mume wangu.

Akanitajia mwaka wa redio.

"Wa Kiislamu."

Alinitazama kama mtu aliyetakiwa kulitamka jina la mama mkwe wake hadharani. Nikaweka kidole juu ya wino wa kijani. Karani, ambaye hakukosa kalamu mfukoni, aliandika miaka yote miwili kwenye kiganja chake, akatoa mmoja kwa mwingine, akarudia kutoa, kisha akawageuzia wenzake kiganja wakione.

"Sasa iko na miaka ngapi?" aliuliza masoni.

"Mia moja na kumi na sita," alisema karani.

Masoni alifikiri. "Ni mingi," akasema.

"Ni mingi," nikakubali, kwa sababu sikuwa na ugomvi naye. "Lakini riale ya karani imeshinda. Kesi imekwisha. Sasa kila mtu akae kwake, mpaka mambo yatulie, mukutane mukiwa wazima."

Nilitegemea karani afurahi. Alikuwa amepigania ushindi ule kwa miezi. Aliitazama riale yake, akamtazama masoni anavyoikunja shaba yake kitambaani, kona kwa kona, akanywa chai iliyokwisha kupoa. Mume wangu alikuwa amevua miwani. Waliondoka mapema, bila kubishana juu ya chochote, nami nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ile habari ya tai. Juma lile hata sukari sikununua.

Jumapili wakaja wote wawili.

Karani hakungoja kukaribishwa. Aliiweka riale mezani, akabaki amesimama.

"Niko na tatizo," akasema. "Iyi riale. Huyu malkia alikufa mwaka huo, 1780. Lakini Waarabu walikuwa wameizoea sura yake, hawataki nyingine. Basi wakaendelea kuipiga. Sura ileile, mwaka uleule, mpaka juzi. Inaweza kuwa ya 1780. Inaweza kuwa ya mwaka mi nilizaliwa. Hakuna mutu anajua."

Masoni aliacha kupangusa matope kwenye viatu. Mume wangu aliinuka kitini, anachomoka aibuni kama gari lililosukumwa likawaka.

"Maana yake," alisema, "kesi haijakwisha."

"Haijakwisha hata kidogo," alisema karani, akaketi.

Nilimuuliza amelijua jambo hilo tangu lini. Alinitazama machoni bila kupepesa.

"Shemeji," akasema, "chai yako leo iko nzuri sana."

Chai ilikuwa haina sukari. Nilisimama pale nimekasirika, maana mtu mwenye akili zake alikuwa ameuvunja ushindi wake kwa mikono yake mwenyewe ili apate sababu ya kuzipita tena zile bariyeri Jumapili ijayo. Halafu hasira ikaniisha. Nilimpenda yule karani siku ile, kwa namna ambayo mke wa mtu anaweza kuisema mbele za watu. Nikaenda kwa jirani kuazima sukari.

Ramadhani yote walikuja wakakaa bila chai, kwa heshima ya mwenye nyumba, wakibishana kwa midomo mikavu. Nilikwisha kata tamaa ya kuwazuia.

Aliyewazuia alikuwa mwingine. Baada ya miezi kadhaa wanajeshi waliingia Kinama, na watu wa Kinama wakatoka, wengine kupanda milima, wengine kuelekea Zaire, wengine hawakuwahi kutoka. Sisi tulisikia milio tu, na tukaona moshi. Jumapili iliyofuata kiti cha masoni kilikuwa kitupu, na iliyofuata, na zile nyingine.

Karani aliendelea kuja. Sasa hapakuwa na kesi, maana kesi haiwezi kuendelea upande mmoja haupo, na hata sarafu hawakuzitoa. Kopo la mume wangu lilibaki juu ya kabati. Karani alifika, akavua viatu mlangoni, akauliza, "Hajakuja?" Mume wangu akajibu, "Hajakuja." Wakanywa chai, wakazungumza juu ya bei ya vipuri, jambo ambalo karani hakulijua wala hakulipenda. Mtu mmoja alituambia amemwona masoni Uvira, huko Zaire. Mwingine akatuambia amemwona amekufa. Wote wawili walikuwa na uhakika. Mimi niliendelea kuandaa vikombe vitatu, na hakuna aliyenikosoa.

Alikuja mvua zilipoanza. Amekonda, amevaa sweta ya kike ya rangi ya waridi yenye vifungo vya maua, na alisema "Hodi, shemeji" akiwa bado mtaani, kwa sauti kubwa. Nilijua hapo hapo, kabla hajafika mlangoni, kwamba kinywani hamna kitu. Karani alikuwa amekwisha kaa. Aliinuka, akamshika masoni mikono yote miwili, akasema maneno mengi ya Kifaransa ambayo masoni hakuyaelewa na hakuhitaji kuyaelewa.

Tulipomaliza kumpa chai na mandazi, na tena chai, alieleza. Walivuka mto Rusizi kwa miguu, maji yakiwa hapa. Aliweka kiganja kifuani.

"Mama yao alikuwa mbele na mizigo. Mi nyuma, mutoto mudogo kwa mabega, na ule mukubwa ameshika shati yangu. Sarafu niko nayo chini ya ulimi. Sasa shati ikawa nyepesi."

Alipeleka mkono nyuma, akashika pindo la sweta.

"Nikafungua kinywa nimuite."

"Akasikia?" niliuliza.

"Akasikia. Akashika muti, nikamufikia."

"Na sarafu?" aliuliza mume wangu, Mungu amsamehe.

"Iko mu Rusizi," alisema masoni.

Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati ya gereji. Nilijua kila mmoja wao anafikiri nini, kwa sababu wanaume wale hawakuwa na mahali pengine pa kufikiria. Shaba ya mizani ilikuwa imetoka kwenye kesi. Ilibaki riale. Mume wangu, ambaye bado alijiona hakimu, alimgeukia karani, akafungua mdomo.

"Yangu pia haiko," alisema karani upesi. "Waliichukua ku bariyeri."

"Lini?" mume wangu alishangaa.

"Zamani."

"Lakini wewe juzi tu…"

"Zamani," alisema karani.

Mume wangu akili yake ni nyepesi kwenye injini, mahali pengine inahitaji muda wa kupata moto. Nilimwona anakwenda pole pole mpaka akafika mwisho, na mwisho ulikuwa kopo lake mwenyewe. Rupia ya 1890. Aliishusha, akaiweka katikati ya meza. Alijitahidi asifurahi mbele ya watu waliopatwa na msiba, na hakufaulu.

"Basi sasa ni ya kwangu," akasema.

"Ni ya kwako, fundi," alisema masoni.

"Félicitations," alisema karani, akampa mkono wa pongezi.

Walikaa mpaka mvua ikapungua. Karani aliaga kwanza, kwa sababu ya saa ya kufunga njia. Akafika mlangoni, akainama kuvaa viatu, na kitu kikamtoka kwenye mfuko wa shati.

Kilianguka kwenye saruji, kikalia, kikaviringika, kikizunguka duara baada ya duara mpaka kikalala karibu na kiti cha masoni. Wanaume wale watatu walikuwa na mazoea ya kuziangusha sarafu zao kwenye saruji ile ile, wasikie kama ni fedha au ni bati. Masoni aliweza kutofautisha akiwa amekupa mgongo. Mlio wa fedha ni mrefu, hauna haraka, na ule ulituzunguka sote.

Mume wangu alinyoosha mguu, akakikanyaga.

"Bulo," akasema. Nyumba ya fundi imejaa bulo za magari na nati zake, hata kwenye bakuli la chumvi nimewahi kuikuta, kwa hiyo kama uongo haukuwa mbaya, na kwa mara moja katika maisha yake alikuwa amewahi.

Masoni hakutazama chini. Alitazama mtaani, ambako maji yalikuwa yanapita na majani, akamaliza chai yake.

"Bulo ya zamani," akasema. "Za siku hizi hazilie hivi."

Karani alibaki ameinama juu ya viatu vyake, kamba mikononi, hafungi. Nilimngoja ainuke nimpe mkono wa kwaheri, lakini hakuinuka upesi, kwa hiyo nikaanza kukusanya vikombe.